Tutajuaje Kama Ndani ya Jiwe Mlikuwa na Uhai?

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Mpenzi msomaji, wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakukosea. Lakini wewe na mimi tumeshaona mawingu meusi yakitanda tangu adhuhuri, tukatoka mbio kuanua nguo kambani, kisha jioni ikaingia bila hata tone moja. Dalili ilikuwepo, mvua haikuja. Katika makala haya nataka tuzungumze juu ya dalili za namna hiyo. Ni dalili za uhai zilizomo ndani ya mawe ya kale sana, na nitaeleza jinsi wataalamu wanavyojitahidi wasianue nguo bure.

Nilipotaja kichwa cha makala haya katika mkutano wa chama chetu, wenzangu wawili watatu walicheka. Mmoja akaniambia, "Wewe, mambo ya bakteria na miamba waachie watu wa Biolojia na Jiografia. Huku tuletee mashairi." Mashairi nayapenda sana, tena sana. Lakini nani alisema Kiswahili ni cha mashairi peke yake? Swali la uhai ulianza lini hapa duniani si la maprofesa tu, ni letu sote tunaopumua. Basi hebu nijaribu, nawe uwe hakimu.

UHAI USIO NA MFUPA

Sisi Wakenya tumezoea kusikia habari za visukuku. Mwaka wa 1984 marehemu Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya kokoto huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Walipochimba ikapatikana mifupa ya yule anayeitwa Mvulana wa Turkana, aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Ilihitaji jicho kali kukiona kipande kile, lakini mfupa ukishaoshwa na kuwekwa mezani ni mfupa. Hakuna atakayesimama kubisha ati ile taya ni chumvi iliyoganda.

Bakteria sivyo. Yeye hana mfupa, hana jino wala ganda. Mwili wake ni kama kifuko kidogo tu. Wengi wana upana wa karibu mikromita moja, yaani uwapange elfu moja kwa mstari ndipo upate milimita moja ya rula yako. Akifa huoza akaisha. Sasa utamtafutaje kiumbe kama huyo baada ya mamilioni ya miaka?

Na miaka yenyewe si mchezo. Tuseme kila mwaka ni milimita moja. Tangu Kenya ipate uhuru mwaka wa 1963 tutakuwa tumetembea sentimita sita na kidogo. Tangu Yesu azaliwe ni kama mita mbili, urefu wa mlango. Hadi kwa Mvulana wa Turkana ni kilomita moja na nusu, mtu anafika kwa miguu kabla kengele ya asubuhi haijalia. Lakini kuna miamba huko Australia ambayo umri wake ni kama miaka milioni 3,465. Hiyo ni zaidi ya kilomita 3,400, sawa na kusafiri kati ya Nairobi na Mombasa mara saba! Dunia yenyewe ina umri wa miaka bilioni 4.5 hivi. Katika safari hiyo yote jiwe limefukiwa, limepikwa na joto, limekunjwa, limepasuka, na maji yamepita katika nyufa zake.

Hata hivyo dalili nyingine husalia, na zinazosalia vizuri mara nyingi ni zile zilizomo ndani ya gumegume. Gumegume ni lile jiwe gumu ambalo zamani liliwekwa kwenye bunduki ili kutoa cheche. Limetengenezwa na silika. Silika ikiwa imeyeyuka majini inaweza kuganda polepole kama rojorojo, kisha ikawa jiwe. Kama bakteria alikuwa hapo, hunaswa kabla hajaoza kabisa, kama mdudu aliyenaswa kwenye utomvu wa mti.

Mwaka wa 1954 Wamarekani wawili, Stanley Tyler na Elso Barghoorn, walitangaza kwamba wameona viumbe wa namna hii ndani ya jiwe lililotoka Gunflint, karibu na Ziwa Superior huko Kanada. Jina hilo lenyewe lina maana ya gumegume la bunduki. Jiwe lile lina umri wa miaka bilioni 1.9 hivi. Ili kuona ndani ya jiwe, wataalamu hulikata na kulisugua mpaka libaki na unene wa karibu milimita 0.03. Hapo mwanga hupenya, na kipande huwekwa chini ya hadubini. Tyler na Barghoorn wakaona nyuzi na viduara vya viumbe wadogo. Hii ilikuwa habari kubwa, maana tangu Charles Darwin aandike kitabu chake mwaka wa 1859, kukosekana kwa visukuku katika miamba ya kale zaidi kulikuwa fumbo lililomsumbua hata yeye mwenyewe.

KESI NA MASHAHIDI WAKE

Sasa tuseme umeona kijiuzi cheusi ndani ya jiwe. Je, ni bakteria? Hapo ndipo kesi inapoanza. Mimi nalifananisha jambo hili na baraza la chifu siku ya kesi ya shamba. Mtu haji tu akasema, "Shamba hili ni langu kwa sababu linafanana na la marehemu babu." Ataulizwa mashahidi, na mashahidi wenyewe wasiwe wote wa nyumba moja.

Shahidi wa kwanza ni umri. Jiwe lina miaka mingapi? Mara nyingi kati ya tabaka za mwamba huwa na tabaka la majivu ya volkano. Ndani ya majivu hayo mna fuwele ndogo za zirikoni, nazo zirikoni zina urani kidogo. Urani hubadilika polepole kuwa risasi, kwa mwendo unaojulikana. Ukipima urani iliyobaki na risasi iliyopatikana, unapata saa ambayo haikusimama tangu fuwele ile iumbike.

Shahidi wa pili ni mahali. Je, jiwe hili lilifanyika mahali ambapo kiumbe angeweza kuishi, kwa mfano ufuoni au kwenye chemchemi? Shahidi huyu hapatikani maabara. Anatafutwa kwa miguu, na ramani mkononi, juani.

Shahidi wa tatu huuliza: dalili hii ilikuwemo tangu mwanzo, au iliingia baadaye? Kuna bakteria wanaoishi katika nyufa za mawe hata leo. Hata vidole vyetu vinaweza kuliacha jiwe na uchafu. Mgeni aliyeingia nyumbani juzi hawezi kudai kwamba ndiye aliyeijenga.

Shahidi wa nne ni umbo. Seli ya kweli ina ukuta, na ndani ilikuwa na uwazi. Seli za aina moja hulingana kwa ukubwa, tena huwa nyingi pamoja, na pengine nyingine hunaswa zikiwa katika kugawanyika. Kijiuzi kimoja kilichojitenga hakitoshi.

Huyu shahidi wa umbo ndiye anayependwa na wengi, na ndiye anayedanganya zaidi. Muhula uliopita tulikuwa maabara tukitazama maji ya dimbwi. Hadubini zetu ni mbili na sisi ni arobaini na kitu, kwa hiyo kila mtu ana nusu dakika yake. Mwenzetu mmoja akapiga kelele, "Nimeona seli! Ya duara, ina ukuta mweusi!" Tukasukumana kuiona. Kweli ilikuwa duara safi na ukingo wake mweusi. Mwalimu akatazama, akanyamaza kidogo, kisha akabonyeza kile kioo cha juu kwa ncha ya penseli. "Seli" ikateleza, ikagawanyika mara mbili, ikatoweka pembeni. Kumbe ni kiputo cha hewa! Darasa likaangua kicheko, lakini mwalimu akasema, "Msimcheke. Nyote mliiona, nyote mkaitikia. Mimi nimeibonyeza tu." Maneno hayo yamenikaa. Kazi yote ninayoieleza hapa ni kazi ya kubonyeza kioo.

Shahidi wa tano ni kemia, na hasa kaboni. Kaboni iko ya aina mbili zinazodumu, nyepesi iitwayo kaboni 12 na nzito kidogo iitwayo kaboni 13. Katika kila atomu mia moja, karibu 99 ni za ile nyepesi. Viumbe wanaojitengenezea chakula kwa usanidinuru hupendelea ile nyepesi. Fikiria mtoto anayeletewa githeri, akawa anachagua maharagwe zaidi na kuacha mahindi. Hata akiondoka, ukiitazama sahani utajua alipita hapo. Vivyo hivyo mabaki ya viumbe hao huwa na upungufu wa kaboni 13, mara nyingi kama sehemu 25 katika kila elfu. Upungufu huo unaweza kudumu ndani ya jiwe hata umbo likishapotea. Lakini hapa pia kuna mtego, kwa kuwa kuna mitendo fulani ya kikemia isiyo na uhai inayoweza kuleta upungufu kama huo.

Baada ya mashahidi wote kusema, hubaki swali moja la mwisho, nalo ndilo zito kuliko yote: je, kitu kisicho na uhai kinaweza kuleta haya yote? Mtaalamu mzuri huanza kwa kusema, "Huu si uhai," kisha anaacha ushahidi umshinde. Haanzi kwa "Huu ni uhai" halafu akatafuta wa kumuunga mkono.

KESI YA APEX

Mniruhusu sasa nisimulie kesi moja maarufu. Mwaka wa 1993 profesa William Schopf wa chuo kikuu huko Los Angeles, Marekani, alitangaza kwamba ndani ya gumegume la Apex, magharibi mwa Australia, ameona nyuzi ndogo za aina kumi na moja. Hayo ndiyo mawe ya miaka milioni 3,465 niliyoyataja. Alisema ni visukuku vya bakteria, na baadhi yao walifanana na sayanobakteria, wale bakteria wanaotumia mwanga wa jua na kutoa oksijeni. Habari ikaenea, na picha zikaingia katika vitabu vya shule kama visukuku vya kale kuliko vyote.

Miaka tisa baadaye, yaani 2002, Martin Brasier wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, pamoja na wenzake wakabonyeza kioo. Kwanza walimwita tena shahidi wa mahali. Walipopima na kuchora ramani ya eneo lile, walisema gumegume lile halikufanyika kwenye ufuo wa bahari, bali katika mshipa ambao maji moto ya volkano yalipitia. Kisha wakamwita shahidi wa umbo. Walipotazama nyuzi kwa kina zaidi ya zile picha za kwanza, waliona nyingine zina matawi na nyingine zinajipinda kufuata kingo za fuwele. Bakteria gani huyo?

Schopf hakunyamaza. Katika toleo lile lile la jarida la Nature alionyesha kwa kutumia mwanga wa leza kwamba nyuzi zile zina kaboni. Lakini kaboni pekee si uhai. Grafiti iliyo ndani ya penseli yako ni kaboni, na hakuna aliyeiona ikizaa.

Brasier aliaga dunia Desemba 2014. Mwaka uliofuata wenzake wakachapisha utafiti waliofanya naye, wakasema nyuzi zile ni rundo la vibamba vya madini vilivyopangana kama chapati, na kaboni ilikuja kushika baadaye. Mwisho wa mwaka wa 2017 Schopf naye, akiwa na John Valley wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, akaleta vipimo vya kaboni 12 na 13 vya uzi mmoja mmoja. Walisema vipimo hivyo vinalingana na viumbe wa aina mbalimbali. Basi kesi haijafungwa mpaka leo.

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mimi siwalaumu hawa wazee wawili, kwa sababu ngoma iliyovutwa na mtu mmoja tu haina mlio. Kila mmoja alipovuta, mwingine alilazimika kuleta kipimo kipya, na sisi tukazidi kujua.

MAGADI YETU

Pengine unajiuliza, haya ya Australia yanatuhusu nini? Subiri kidogo. Mwaka wa 1967 mtaalamu Hans Eugster alieleza madini mawili yaliyokuwa hayajajulikana, aliyoyapata katika Ziwa Magadi. Moja likaitwa magadiaiti na lingine kenyaiti. Naam, kuna madini duniani yanayobeba jina la nchi yetu! Eugster alionyesha kwamba madini hayo yanaweza kugeuka kuwa gumegume. Tangu hapo wanaochunguza magumegume ya kale mahali pengi wamelitumia Magadi kama mfano, maana hapa jiwe si la mamilioni ya karne, hapa unaweza kujifunza jinsi linavyofanyika.

Hadithi haiishii hapo. Mwaka wa 2003 Mhispania Juan Manuel García-Ruiz na wenzake walichanganya chumvi ya bariamu na maji yenye silika na magadi. Hawakutia kiumbe chochote. Zikaota nyuzi zilizojipinda, zinazofanana kabisa na zile za Apex! Tena zilipowekwa pamoja na kemikali rahisi za kaboni, zilizinywa kaboni hizo, hata chini ya leza zikafanana na visukuku. Watu wengine wakapinga wakisema hayo ni mambo ya chupa za maabara tu, hayatokei katika maji ya kawaida. Basi mwaka wa 2020 García-Ruiz na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya kwa maji halisi ya Ziwa Magadi. Walipoyakutanisha na chumvi za metali, vikajiunda vifuko na mirija ya madini. Ukitazama utadhani ni mimea au seli, na hakuna uhai hapo.

Lakini tusikimbilie upande wa pili tukasema basi kila kitu cha Magadi ni bandia. Maziwa yetu ya magadi yamejaa uhai wa kweli usioonekana kwa macho. Wale heroe wanaoupamba ufuo wa Ziwa Bogoria kwa rangi ya waridi hula hasa sayanobakteria, na rangi yao wenyewe inatokana na chakula hicho. Kwa hiyo katika maji ya namna moja unaweza kupata kiumbe wa kweli na umbo la madini linalomuiga. Siku zote mbili zikigeuka jiwe, nani atazitenganisha? Ndiyo maana nasema kesi ya Apex imefika mpaka kwetu.

MWANAMKE ALIYESEMA NDIYO NA HAPANA

Bakteria hawaachi miili tu, huacha hata majengo. Umeona utando juu ya maziwa yaliyochemka ukapoa? Bakteria wengine huishi kwa utando kama huo juu ya mwamba ulio majini. Mchanga na chokaa vikitua juu yao, hupanda juu kutafuta mwanga na kuanza utando mpya. Tabaka juu ya tabaka, mpaka kichuguu cha jiwe kinasimama. Vichuguu hivyo huitwa stromatolaiti, na mpaka leo vinajengwa huko Shark Bay, Australia, kwa mwendo usiofika milimita moja kwa mwaka. Ukiona vyaelea vimeundwa, lakini hapa pia swali ni lile lile: vimeundwa na nani?

Mwaka wa 2006 Abigail Allwood, wakati huo akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu huko Australia, alichapisha na wenzake habari za miamba ya Strelley Pool yenye umri wa miaka bilioni 3.43. Hakuchukua jiwe moja zuri akalipiga picha. Alifuata mwamba ule kwa kilomita nyingi, akapata stromatolaiti za maumbo saba, akaonyesha jinsi maumbo yalivyofuatana na mazingira ya bahari ya siku hizo. Mashahidi walikubaliana, na wataalamu wengi wakaridhika kwamba hapo palikuwa na uhai.

Mwaka wa 2016 watu wengine wakatangaza stromatolaiti za kale zaidi, za miaka bilioni 3.7, kutoka Isua huko Greenland. Allwood akasafiri kuziona. Angeweza kufurahi, kwa kuwa habari hiyo ilikuwa inaunga mkono kazi yake. Lakini mwaka wa 2018 yeye na wenzake walieleza kwamba, ukilitazama jiwe lile kutoka pande zote na si upande mmoja tu, vile vichuguu ni matuta yaliyotokea mwamba ulipofinywa na kuvutwa. Wenye kutangaza hawakukubali, wakajibu. Hata hivyo nampa heko mtu huyu. Aliposema ndiyo alikuwa na sababu, na aliposema hapana alikuwa na sababu.

MADOA YA CHUI HUKO MIRIHI

Sasa tutoke duniani. Mwaka wa 1984 kimondo cha kilo karibu mbili kiliokotwa kwenye barafu ya Antaktika. Baadaye ikajulikana kwamba kilitoka sayari ya Mirihi. Mwezi wa Agosti 1996 David McKay wa shirika la anga la Marekani, NASA, na wenzake walisema huenda kina dalili za uhai, zikiwemo alama ndogo mno zilizofanana na minyoo. Hata rais Bill Clinton alihutubia kuhusu jiwe hilo. Ulimwengu mzima ukasisimka. Lakini alama zile zilikuwa ndogo mno hata kwa bakteria, na moja baada ya nyingine dalili zikapata maelezo yasiyohitaji uhai. Wataalamu wengi hawakushawishika.

Ni kama watu walijifunza. Februari 2021 gari la NASA liitwalo Perseverance lilitua Mirihi. Julai 2024 likapata jiwe kwenye bonde la mto uliokauka zamani, nalo lina madoa kama ya chui. Miongoni mwa vifaa vilivyolichunguza ni kimoja ambacho kiongozi wake ni yule yule Abigail Allwood. Madoa yale yana madini ya chuma ambayo hapa duniani mara nyingi hupatikana penye tope lililoishi bakteria. Uchunguzi ulipochapishwa Septemba 2025, hawakusema "tumepata uhai". Walisema ni dalili inayoweza kuwa ya uhai, na wakaorodhesha njia nyingine ambazo zingeweza kuyafanya madoa hayo. Kipande cha jiwe hilo kilifungwa ndani ya mrija. Kikifika siku moja katika maabara za duniani, mashahidi wote wataitwa.

Mpenzi msomaji, usidhani maneno "huenda" na "bado" ni ya waoga. Kama leo tutasema Mirihi kulikuwa na uhai kisha kesho ionekane ni kutu tu, nani atatuamini keshokutwa tutakapoupata kwa kweli? Na tukikataa kila dalili bila kuichunguza, tunaweza kuupita uhai wenyewe tukiukanyaga. Njia zote mbili zina hasara.

Ndiyo maana naona somo hili linafaa hata wale ambao wataacha Biolojia wakifika kidato cha nne. Huku shuleni kwetu tunapenda kusema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mtu anakuja na habari kutoka kwenye matatu, na kabla ya saa nne imekuwa ukweli. Mimi naomba tuwe na baraza kidogo kichwani. Nani kaona? Wapi? Ilikuwepo tangu mwanzo au imeongezwa njiani? Kuna maelezo mengine? Ukishauliza hayo manne, mambo mengi yatateleza pembeni kama kile kiputo.

Na kwa walimu wetu nina ombi moja. Magadi iko kilomita mia moja na kitu tu kutoka Nairobi, na njiani kuna Olorgesailie penye zana za mawe za watu wa kale. Safari ya Jiografia ya mwaka ujao ingeelekezwa huko, tungerudi tukiwa tumeona kwa macho yetu mambo ambayo wataalamu huvuka bahari kuja kuyaona. Sisi tutabeba chakula chetu wenyewe na daftari za Kiswahili. Hapa natia nanga.